Jiwe jeusi la Chyulu na maji ya mifereji yetu



Wiki iliyopita maji yalitoka saa nane za usiku. Mama watoto alinigusa bega akasema, "Maji hayo," nikaamka mbio kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua. Sisi tunaokaa Changamwe tunajua mchezo huu. Unafungua mfereji, unapanga mitungi, unajaza pipa, sufuria, ndoo na hata karai la kufulia, kwa kuwa hujui yatarudi Jumatano au mwezi ujao.

Nikiwa nimeshika mpira wa maji gizani, kijana wangu wa darasa la sita akatoka na swali. "Baba, haya maji yanatoka wapi?" Nikamjibu kwa haraka kwamba yanatoka Mzima. Akauliza tena, "Na Mzima yanatoka wapi?" Hapo nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia, "Yanatoka kwenye jiwe." Akacheka akidhani namfanyia mzaha.

Sikuwa nafanya mzaha. Jiwe hilo ni la volkeno na linaitwa basalti. Leo nataka kulieleza, kwa sababu watu wengi wa Mombasa wanakunywa maji yake tangu utotoni na hawajawahi kulisikia likitajwa. Mimi si mwanajiolojia. Nina diploma ya ujenzi niliyoipata zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mawe ni sehemu ya kazi yangu. Nitaeleza kwa lugha ya fundi.

Mawe mawili mezani

Mwalimu wetu wa somo la vifaa vya ujenzi alikuwa na desturi ya kuingia darasani na mawe mfukoni. Siku moja aliweka mawili mezani. La kwanza lilikuwa jeupe, lina alama za konokono na vijitundu vya matumbawe. Sote wa Pwani tulilijua, kwani ndilo jiwe la nyumba zetu, la misikiti ya kale, la Mji wa Kale wa Lamu na la Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. La pili lilikuwa jeusi, zito, halina umbo la kupendeza.

Alichukua siki akadondosha matone kwenye kila jiwe. Lile la matumbawe likatoa povu, maana ni chokaa, na chokaa haipatani na asidi. Lile jeusi halikufanya lolote, likabaki limelowa tu. Kisha akagonga mawe mawili meusi, yakalia kama chuma. Akatuambia, "La kwanza lilijengwa na wadudu wa baharini. La pili limepikwa."

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Jiwe letu la Pwani limetokana na viumbe vilivyoishi na kufa baharini kwa maelfu ya miaka. Basalti haijawahi kuwa na uhai ndani yake. Imetoka chini kabisa, chini ya ganda la dunia, ikiwa majimaji ya moto wa nyuzi kati ya 1,000 na 1,200 za Selsiasi, kisha ikapoa.

Linavyopikwa

Wengi wetu tunadhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto inayosubiri kutoka. Sivyo. Tabaka lililo chini ya ganda la dunia kwa sehemu kubwa sana ni mwamba mgumu, ingawa ni wa moto mno. Haliyeyuki kwa sababu limebanwa na uzito wa kila kilicho juu yake.

Fikiria ile sufuria ya presha tunayopikia maharagwe. Maji yaliyomo yanapita joto la nyuzi 100 bila ya kuchemka kwa fujo, kwa kuwa yamebanwa. Ukitoa ile presha ghafla, yote yanachemka mara moja. Mwamba wa chini nao uko hivyo. Ukipanda juu taratibu, au ganda la dunia likivutwa likawa jembamba kama linavyovutwa katika Bonde la Ufa, ule mbano unapungua na sehemu ya mwamba inayeyuka. Majimaji hayo ni mepesi kuliko mwamba unaoyazunguka, kwa hiyo yanatafuta ufa na kupanda. Yakiwa chini yanaitwa magma, yakitoka nje yanaitwa lava.

Ndani ya majimaji hayo kuna silika, kiasi cha asilimia 45 hadi 52. Silika ndiyo inayofanya lava kuwa nzito kama uji wa ugali au nyepesi kama uji wa mgonjwa. Basalti ina silika kidogo ikilinganishwa na mawe mengine ya volkeno, na ndiyo sababu lava yake hutiririka mbali kabla ya kuganda. Ina chuma na magnesi kwa wingi, na hizo ndizo zinazoipa weusi na uzito. Mita moja ya ujazo ya basalti isiyo na matundu ina uzito wa karibu tani tatu. Basalti ya zamani iliyokaa kwenye mvua na hewa huwa na rangi ya kahawia au nyekundu, kwa sababu chuma iliyomo imeshika kutu kama mabati ya nyumba zetu.

Kupoa kwake nako kuna kanuni. Mpishi wa gubiti anajua kwamba shira ya sukari ikipozwa upesi huwa laini na ya kung'aa kama kioo, lakini ikiachwa ipoe polepole inajenga chembechembe kubwa za sukari. Lava inayotoka juu ya ardhi hupoa upesi, na chembe zake za madini huwa ndogo hata jicho halizioni vizuri. Hiyo ndiyo basalti. Majimaji yale yale yakibaki chini na kupoa kwa maelfu ya miaka hutoa jiwe la chembe kubwa liitwalo gabro. Mapishi ni yale yale, muda ndio tofauti.

Matundu na nyufa

Mtu akiokota kipande cha basalti anaweza kukuta kina matundu mengi, na kingine hakina hata kimoja. Matundu hayo ni njia za hewa. Magma hubeba gesi ndani yake kama soda iliyofungwa. Inapofika juu gesi inatoka, na lava ikiganda kabla gesi haijaisha, nafasi za povu zinabaki. Kina mama wanaopika vibibi wataelewa haraka. Matundu yale ya juu ya kibibi ndiyo habari yenyewe.

Zaidi ya matundu kuna nyufa. Kitu cha moto kikipoa hunywea. Tope la dimbwi likikauka hupasuka vipande vipande, na lava nayo inapasuka hivyo inapopoa. Mahali pengine nyufa hizo zimepangika hadi zikaacha nguzo za pembe sita zilizosimama kama zimechongwa. Huko Ireland ya Kaskazini kuna ufuo wenye nguzo kama hizo zipatazo 40,000.

Naomba msomaji akumbuke mambo haya mawili, matundu na nyufa, maana maji ya Mombasa yanapita humo.

Liko wapi

Basalti ndilo jiwe la volkeno lililo jingi kuliko yote duniani. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari, ikiwemo ya bahari yetu ya Hindi, ni basalti iliyofunikwa na tope. Nusu ya magharibi ya India ina uwanda wa basalti uliomwagika yapata miaka milioni 66 iliyopita, na mapango ya kale ya Ajanta na Ellora yamechongwa ndani yake. Hata mwezi tunaoutazamia kila Ramadhani una jiwe hili. Yale madoa meusi tunayoyaona mwezi ukiwa mpevu ni nyanda za basalti za kale sana, na wanaanga wa kwanza walirudi na vipande vyake mwaka 1969.

Waliojaaliwa kwenda Hija au Umra wameliona kwa macho yao, pengine bila ya kulitambua. Madina iko kati ya harra mbili, moja mashariki na nyingine magharibi. Harra ni nchi ya mawe meusi yaliyoungua, nayo ni lava ya basalti. Mwaka 654 wa Hijria, yaani 1256, volkeno ililipuka karibu na Madina. Lava ilitoka kwa siku 52, ikatiririka kiasi cha kilomita 23, ikasimama kabla ya kufika mjini. Imamu an-Nawawi alikuwa hai wakati huo, na katika sharhe yake ya Sahih Muslim aliutaja moto huo alipofika kwenye hadithi inayozungumzia moto wa Hijazi utakaoonekana mpaka Busra. Darasa la hadithi nawaachia masheikh. Ninachotaka kusema ni kwamba Busra yenyewe, huko Syria, ni mji uliojengwa kwa basalti, na magofu yake meusi bado yamesimama.

Hapa Kenya basalti na ndugu zake wako kuanzia Marsabit na Turkana mpaka Tsavo. Ukipita Tsavo Mashariki utaona ukuta mrefu wa uwanda wa Yatta. Huo ni mtiririko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani. Jiwe lake linaitwa fonoliti, binamu wa basalti. Na ukipita Tsavo Magharibi utakutana na lava ya Shetani, mto mweusi wa mawe ulioganda, ambao mpaka leo una miti michache tu. Hauna umri mkubwa. Volkeno za Chyulu zilitoa lava mara ya mwisho katikati ya karne ya 19, wakati babu wa babu zetu walikuwa wakiishi hapa Mombasa.

Faida zake kwa fundi na kwa mkulima

Kazi ya kwanza ya basalti ni kokoto. Ni gumu, halinywi maji mengi, na halisagiki upesi. Barabara ya lami yenye kokoto za chokaa husuguliwa na magurudumu mpaka ikawa laini na kuteleza wakati wa mvua. Yenye basalti hubaki na makali kwa muda mrefu zaidi. Chini ya reli nako linafaa, kwa sababu kokoto zenye pembe kali hushikana na kuzuia mataruma yasicheze.

Lakini fundi awe macho. Basalti yenye matundu mengi ni nyepesi, na huo ni uzuri wake ukitaka tofali jepesi. Ubaya wake ni kwamba matundu hunywa maji ya zege. Ukiitumia kavu inaiba maji ambayo saruji ilikuwa inayahitaji, na zege inabaki dhaifu. Ilowanishe kwanza. Na yeyote anayeuziwa kokoto akiambiwa kwamba ni za volkeno na yeye ana shaka, achukue siki ya jikoni. Zikitoa povu kwa wingi, basi ni chokaa. Chokaa ngumu si mbaya kwa nyumba ya kawaida, ila usilipie bei ya jiwe jingine.

Viwandani basalti huyeyushwa na kuvutwa iwe nyuzi. Nyuzi hizo hutengenezwa sufi ya kuzuia joto na moto kwenye majengo, na pia fito za kuimarishia zege ambazo hazishiki kutu. Sisi tunaojenga karibu na bahari, tunaoona nondo zikivimba na kupasua nguzo kwa sababu ya chumvi, tuna haki ya kuzitamani.

Kuna kazi mpya pia. Huko Iceland, tangu mwaka 2012, wataalamu wamekuwa wakichanganya hewa ya kaboni na maji na kuisukuma ndani ya basalti chini ya ardhi. Madini ya jiwe hukutana na kaboni ile na kuigeuza kuwa jiwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba sehemu kubwa yake iliganda katika muda usiozidi miaka miwili.

Na mkulima asisahauliwe. Basalti ikioza kwa miaka mingi hutoa udongo wenye rutuba. Ndizi tunazozila kutoka Taveta zimekua chini ya Kilimanjaro, kwenye udongo wa volkeno.

Tangi lisilo na mabati

Sasa nirudi kwenye swali la kijana wangu.

Milima ya Chyulu ni safu ya urefu wa kilomita 100 hivi, yenye mamia ya vilima vya volkeno. Kilele chake kina mita 2,188. Juu kuna msitu unaokamata mvua na ukungu. Jambo la ajabu ni kwamba milima hiyo haina mto wa kudumu. Mvua inanyesha, na mara tu inapogusa ardhi inazama. Inaingia kwenye matundu na nyufa nilizozitaja, na ndani ya mapango ya lava. Pango moja la Chyulu lina urefu wa karibu kilomita 11, na ni miongoni mwa mapango marefu ya lava duniani.

Maji hushuka mpaka yanapokutana na mwamba wa kale sana ulio chini ya lava, ambao hauyapitishi. Hapo yanageuka na kutembea polepole juu ya mwamba huo, gizani, kwa miaka mingi, yakichujwa njiani. Kiasi cha kilomita 50 kutoka milimani yanatokeza Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yakiwa maangavu kiasi kwamba unamwona kiboko akitembea chini ya maji.

Chemchemi hizo hutoa takriban lita milioni 220 kwa siku. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililaza bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka Mzima hadi Mombasa, na maji huteremka kwa mvuto wa mteremko bila ya kusukumwa na mashine. Bomba hilo linachukua sehemu ndogo tu, karibu lita milioni 35 kwa siku. Mengine yanaingia mto Tsavo, ambao unakutana na Athi kufanya Galana, ambao kwetu unaitwa Sabaki. Na kando ya Sabaki ndiko viliko visima vya Baricho vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Kwa hiyo hata yule anayesema "mimi nakunywa ya Baricho, si ya Mzima" naye, hasa wakati wa kiangazi, anakunywa maji yaliyopita kwenye jiwe la Chyulu.

Linganisha na jiwe letu. Matumbawe nayo yana matundu, lakini sisi tumekaa usawa wa bahari. Ukichimba kisima kisiwani na kuvuta maji mengi, bahari inaingia kutoka pembeni na chumvi inapanda. Kila nyumba yenye kisima inajua ladha hiyo.

Tusidhani basalti peke yake inatosha. Ndugu zetu wa Ngazija, ambao wengi wetu tuna damu yao, wanaishi juu ya mlima wa basalti wenyewe, Karthala. Kisiwa hicho kinapata mvua nyingi lakini hakina mto wa kudumu. Maji yanazama kwenye lava changa na kukimbilia baharini, na ya visima vya ufukweni huchanganyika na chumvi. Watu wengi wanategemea birika za kukinga mvua. Karthala ilipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia kwenye birika hizo na watu wengi sana wakakosa maji safi. Jiwe ni lile lile. Chyulu imepata vitu viwili zaidi, mwamba mgumu chini unaoyashika maji, na msitu juu unaoyapokea.

Mwamba wa chini hakuna anayeweza kuuharibu. Msitu wa juu tunaweza.

Harusi ya Voi

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda harusini Voi. Baada ya kula pilau tulikaa chini ya mwembe, na shemeji yangu mmoja, Mtaita, akaanza habari ya maji. Akasema, "Shemeji, nyinyi Mombasa mnakunywa, sisi tunaliangalia bomba likipita. Mama yangu ana miaka sabini na bado ananunua maji kwa mtungi."

Nilimjibu vibaya. Nilisema maji ni ya Mungu, hayana kaunti, na kwamba Mombasa ina watu wengi zaidi na bandari inayolisha nchi nzima. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Umewahi kufika Mzima?" Nikasema sijafika. Akasema, "Basi ongea ukifika."

Nilifika mwaka uliofuata. Niliona maji yakitoka chini ya jiwe jeusi kana kwamba hayana mwisho, na mwongoza wageni akatueleza kuhusu moto unaowashwa milimani, ukataji wa miti na mifugo inayoingia msituni. Sehemu ya Chyulu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983, lakini mpaka wa ramani hauzimi moto. Msitu ukiondoka, ukungu haukamatwi, mvua kubwa inachukua udongo badala ya kuzama, na jiwe linabaki na kiu. Na kwa kuwa maji yanatembea humo kwa miaka mingi, hasara ya leo hatutaiona kesho. Itaonekana wakati huyu kijana wangu ana watoto wake, na hapo hakuna fundi wa bomba atakayeweza kuirekebisha.

Nilirudi nikiwa nimejaa mawaidha. Njiani, kando ya barabara kuu, tulisimama nikanunua magunia mawili ya makaa kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya Changamwe. Muuzaji hakuniambia miti ilikatwa msitu gani, nami sikuuliza. Nilikumbuka jambo hilo nyumbani, wakati tunayashusha, mikono yangu ikiwa nyeusi kama lile jiwe.

Kaunti ya Taita Taveta imekuwa ikidai sehemu ya mapato ya maji ya Mzima kwa miaka mingi, na kila madai hayo yanapotajwa huku kwetu hujibiwa kama nilivyojibu mimi harusini. Nadhani tumekosea. Wanaokaa karibu na chanzo ndio wanaoweza kukilinda au kukiacha kiharibike. Mtu anayeliona bomba likipita mlangoni na yeye ananunua mtungi, utamwambiaje alinde msitu kwa ajili yako? Ahadi ya bomba la pili la Mzima tumeisikia mara nyingi. Likija, lije na mifereji ya vijiji linavyovipitia, na lije na fungu la kulinda Chyulu, la sivyo tutakuwa tumeongeza mrija kwenye chupa inayokauka.

Nasi huku tuna wajibu wetu. Mabomba yaliyopasuka yanamwaga barabarani wiki nzima na watu wanayaruka tu kama madimbwi ya mvua. Misikiti yetu mifereji ya udhu inaachwa wazi, na sote tumesoma kwamba israfu imekatazwa hata ukitawadha kwenye mto unaotiririka. Na makaa, tuulize yanatoka wapi kabla ya kutoa pesa. Nimeanza na mimi mwenyewe. Jiko la gesi limeingia nyumbani, na mama watoto anasema ugali wake haunukii kama wa makaa. Tunavumilia.

Yule kijana nilimwahidi tukipata nafasi tutakwenda Mzima wakati wa likizo, inshallah. Nimemwambia atachukua picha tu, kwani jiwe la hifadhini haliruhusiwi kubebwa. Na tukipita Voi tutaingia kwa shemeji. Nina deni la kumuomba radhi, na safari hii nikiongea nitakuwa nimefika.